Gari Lenye Kompyuta na Ufunguo wa Mzee Shabani

Mkifika Kasulu mkasikia mtu ananiita Bwana Orijino, msidhani ndilo jina langu la ubatizo. Mimi ni Nashoni, na ndivyo ilivyoandikwa juu ya mlango wa duka, lakini tangu siku ile ya gari la mdogo wangu Elisha watu wamelisahau Nashoni kabisa. Mtu anakuja kununua misumari, mgeni wala hajui jina limetoka wapi, ananiambia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mzee Orijino," na mimi naitika, nitafanyaje. Leo nawasimulia mwenyewe, kwa sababu nikimwachia jirani yangu Mzee Shabani anaongeza chumvi, na aibu yenyewe ilikuwa inatosha bila chumvi.

Kwanza mjue kazi yangu. Nauza misumari, bawaba, majembe, mabati, lakini hasa hasa nauza kufuli, za kila aina, na nyumba yangu iko nyuma ya duka hilohilo. Sasa mtu wa kufuli ni mtu wa funguo, na kwenye funguo nilikuwa na kanuni niliyoirithi kwa marehemu baba, kwamba kitu cha asili hakitumiki, kinatunzwa. Kinachotumika ni nakala. Nikipata ufunguo wowote, uwe wa mlango au wa baiskeli, kabla haujapata joto la mfuko wangu naupeleka kwa Mzee Shabani, anachonga mwingine, ule orijino unafungwa kitambaani unaingia sandukuni. (Msinicheke. Ninyi wenyewe mna vikombe kabatini ambavyo havijaonja chai tangu mfunge ndoa.)

Mzee Shabani mwenyewe ni mtu wa Ujiji, babu zake walitoka pwani, anakaa kwenye baraza la duka langu na tupa zake na kisanduku cha mbao, anachonga ufunguo kwa jicho tu. Hapandishi sauti hata siku moja. Ukimgombeza anakujibu kwa upole mpaka unajiona wewe ndiye mkosa adabu.

Sasa hilo gari. Elisha alikuwa anafanya kazi bandarini Dar es Salaam, na mwaka ule wa tisini na tisa akapata gari dogo la Kijapani, akalipakia kwenye treni mpaka Kigoma, akaliendesha mwenyewe kupanda Kasulu, na alipofika mtaa mzima ulisimama. Halikuwa na klachi. Vioo vilishuka kwa kubonyeza. Ukifunga mlango mmoja, mingine yote inajifunga yenyewe, ta, na fundi mmoja wa Land Rover aliyekuwepo pale aliruka nyuma. Elisha akatuambia, "Hili gari lina kompyuta. Kompyuta ndiyo inaamua petroli iende kiasi gani, gia ibadilike lini, kila kitu. Kaka, nakuachia mpaka Krismasi, litumie, ila fundi yeyote asifungue boneti."

Baada ya yeye kurudi Dar tulikaa barazani jioni nyingi tunalijadili. Wakati ule redio ilikuwa inasema kila siku kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zitachanganyikiwa, hazitajua ni mwaka gani, ndege zitashindwa kuruka na benki zitasahau fedha za watu. Basi mwenyekiti wa kwaya yetu akauliza, je, usiku ule wa mwaka mpya gari likiwa njiani, litajua linakwenda wapi? Mwingine akasema yeye hawezi kupanda kitu kinachofikiri, kwa sababu kinachofikiri kinaweza pia kukasirika. Mzee Shabani akasema, "Land Rover haina akili, ndiyo maana inatii." Tukacheka. Mimi nilicheka kama mwenye gari, maana ukipewa gari kutunza, baada ya wiki linakuwa lako.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera. Kwenye dashibodi palikuwa na kitaa chekundu kinachowaka na kuzima hata gari likiwa limelala. Mama yangu alikiona siku ya kwanza akasema, "Nashoni, hiki kinakukonyeza." Nikamwambia hiyo ni taa ya urembo, Wajapani wanapenda urembo. Nikachukua plasta ya kidonda nikakiziba.

Sasa sikilizeni habari ya Mama, maana ndiyo yenyewe. Mama ana mdogo wake wa kiume, Mjomba Yeremia, anaishi kwao Munanila kule karibu na mpaka wa Burundi. Bibi alipofariki, Mama aliondoka Kasulu kwa lori kwenda kuzika, lori likakatika ekseli njiani, akafika watu wameshatoka kaburini wananawa mikono. Mjomba hakutaka kusikia ekseli. Alimwambia mbele ya watu wote, "Wewe mjini kumekunogea, mama yako hakuwa wa haraka kwako," na tangu hapo hawakusemezana. Miaka ilipita. Mama alikuwa akisikia mtu anatoka Munanila anauliza habari za mvua, za maharage, za kila mtu, kasoro jina moja.

Halafu Mjomba akatuma neno. Ukoo umeamua kulijengea kaburi la Bibi kwa sementi, Jumamosi fulani, na kwa kuwa Mama ndiye kifungua mimba, jiwe la kwanza ni lake. Jua likipinduka na hajafika, ataliweka yeye, na yatakuwa yameisha. Hakufafanua kitu gani kitakuwa kimeisha. Mama alielewa. Wiki nzima hakula vizuri. Akafungua sanduku lake akatoa kitenge ambacho Elisha alimletea zamani, hakijavaliwa hata kanisani, akakitundika ukutani akawa anakiangalia.

Akaniambia, "Ijumaa kuna lori la sokoni linarudi Buhigwe. Nitaondoka nalo, nilale njiani kwa watu, asubuhi niwe nimefika."

Na mimi hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Nikamwambia, "Mama, utapandaje lori juu ya magunia na gari lenye kompyuta liko mlangoni? Jumamosi alfajiri tunaondoka, saa tatu umekaa kwa Mjomba unakunywa uji. Aone kwamba una watoto."

Akanitazama. "Sitaki aone kwamba nina watoto. Nataka nifike."

"Utafika."

Lori la Ijumaa likaondoka mimi nikiwa nimesimama dukani nalipungia mkono.

Jioni hiyohiyo nikafikiria safari. Munanila kuna watu wengi, kuna ujenzi, mtu anainama kubeba jiwe, ufunguo unachomoka mfukoni unaingia kwenye zege, halafu? Nikaona haiwezekani ufunguo wa asili usafiri. Nikampelekea Mzee Shabani. Ulikuwa na kichwa kinene cha plastiki nyeusi, yeye akachonga wa chuma kitupu, safi kabisa. Tukaujaribu pamoja. Mlango ukafunguka. Tukauingiza kwenye swichi, ukazunguka, usukani ukalegea, taa zikawaka, redio ikaimba. "Umekubali," akasema Mzee Shabani. Sikuliwasha gari lenyewe, nilikuwa nabana petroli. Ule wa asili nikaufunga kitambaani, nikauweka sandukuni, nikapiga kufuli langu kubwa la shaba, kufuli ambalo nilikuwa nawaambia wateja kwamba hata tembo akilikanyaga linamuumiza yeye. Ufunguo wa sanduku anakaa nao mke wangu Adela, kwenye pindo la kitenge, na Adela alfajiri ya Jumamosi akapata lifti ya gari la shirika la wakimbizi kwenda Kibondo, dada yake alikuwa amejifungua. Tuliagana vizuri. Wala sikumwaza tena.

Asubuhi Mama akatoka amevaa kile kitenge. Nilikuwa sijamwona mama yangu hivyo tangu nikiwa mdogo. Akaketi mbele, mikono magotini, pembeni kibuyu cha pombe ya ndizi cha kupeleka kwao, majirani wametoka kumuaga, wanawake wanainama wanampigia makofi ya salamu kama ilivyo desturi yetu, naye anawajibu dirishani, kioo nimemshushia mimi kwa kubonyeza. Nikaingia, nikakohoa kidogo, nikazungusha ufunguo.

Gari likawaka. Halafu likazima.

Nikazungusha tena. Likawaka vizuri kabisa, ukahesabu moja, mbili, likazima. Nikajaribu tena na tena, kila mara linaitika kisha linanyamaza, kama mtu unayemwamsha akasema "naam" akalala tena. Sasa mtaani kwetu kila mtu ni fundi. Wa kwanza akasema petroli chafu, ya pipa. Wa pili akasema plagi. Mwenyekiti wa kwaya, ambaye Jumamosi asubuhi huwa na mazoezi pale kanisani ng'ambo ya barabara, akaja na kwaya nzima, akachungulia, akasema kwa huzuni, "Ndugu Nashoni, elfu mbili imewahi kufika." Watu wakakubali. Mtu mmoja akavua kofia.

Nikamgeukia Mzee Shabani kwa ukali, jasho limeanza kunitoka. "Mzee, isije ikawa ni ufunguo wako."

Akanijibu taratibu, "Bwana Nashoni, mlango umefunguka?"

"Umefunguka."

"Swichi imezunguka? Taa, redio?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nilichonga ufunguo. Injini sikuchonga."

Mngemjibu nini ninyi? Mimi muuza kufuli ndiyo kabisa, maana maisha yangu yote ufunguo ni kitu kimoja tu, ukizunguka umekubali. Kwamba ufunguo unaweza kuzunguka na bado ukakataliwa na mtu aliyejificha ndani ya dashibodi, hilo halikuwemo kichwani mwangu wala kwa yeyote pale.

Tukaamua kusukuma. Kwetu gari ni mlima tu, kila dereva wa Kasulu analaza gari lake kwenye mteremko ili asubuhi liamke lenyewe. Kwamba gari lisilo na klachi haliwaki kwa kusukumwa, hiyo nilikuja kuambiwa baadaye na Elisha, katikati ya mengine mengi. Kwaya ikashika nyuma, soprano upande huu, besi upande ule, mwenyekiti akapiga noti, wakaanza kuimba na kusukuma. Nikamwambia Mama ashuke. Akasema, "Nimeshaaga. Nikishuka nitaonekana sikwendi." Akabaki.

Basi tukateremka naye kupita sokoni. Rafiki zake wanaouza samaki wa migebuka walimwona amepambwa, wakasimama, "Safari njema Mama Nashoni, msalimie Yeremia!" Akawapungia. Tukafika bondeni, gari kimya. Kwaya ikageuka, ikaanza kulisukuma kulirudisha juu, tukapita palepale. Wanawake wakatazamana, halafu Mama Teresia, ambaye meza yake ya samaki ndiyo ya mwisho kwenye kona, akasema, "Karibu tena." Mama akaitikia salamu. Tukafika juu, tukaliachia tena, tukapita tena, safari hii Mama akawaaga upya maana hakujua la kufanya, nao wakamuitikia upya, "Safari njema," lakini nasikia wengine wanacheka, wameziba midomo kwa kanga. Mimi natazama mbele tu. Shingo ilikuwa imekakamaa.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna aliyenieleza, kwamba gari la namna ile injini ikiwa imezima breki inakuwa ngumu kama jiwe. Kwenye kona nikakanyaga, halisimami. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Liliendelea polepole, bila haraka yoyote, watu wanalipisha njia, mpaka likaegemea meza ya Mama Teresia, meza ikainama, na migebuka yote ikamwagika juu ya boneti. Hakuna aliyeumia. Kwaya ilikuwa bado inaimba, ile sauti ya nne huwa inachelewa kumaliza.

Mama akafungua mlango, akashuka. Akafuta magamba ya samaki kwenye kitenge. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonichoma. Alitazama jua tu.

"Nashoni," akasema, "mara ya kwanza ilikuwa ekseli. Leo nitamwambia ni nini?"

Nilitamani anipige. Nikamwambia angoje barazani kwa Mzee Shabani, mimi nakimbia posta kumpigia Elisha.

Posta siku ya Jumamosi, mnaijua. Foleni ndefu, simu ni moja, laini inashika na kukatika, na kila anayeipata anapiga kelele maana Dar es Salaam ni mbali. Nikasubiri. Nikasubiri mpaka karani akawa anatazama saa yake ya kufunga. Hatimaye nikampata Elisha ofisini kwake bandarini, nikamweleza kwa sauti ya juu, foleni nzima inasikiliza, wengine walikuwepo sokoni wananisaidia kumbukumbu, "mwambie na samaki."

Elisha akauliza, "Kile kitaa chekundu kinafanyaje?"

"Sijui, nilikiziba kwa plasta."

Simu ikakwaruza. Nikadhani laini imekatika.

"Kaka, unatumia ufunguo niliokupa mimi?"

"Nimechongesha mwingine!" nikapiga kelele. "Orijino nimeitunza!"

Nikamsikia mdogo wangu anacheka, siyo kucheka kwa kawaida, amekiacha chombo cha simu mezani anacheka pembeni. Aliporudi akanieleza. Ndani ya kile kichwa cheusi cha plastiki kuna kitu kidogo sana, kompyuta ya gari inakitambua kama ng'ombe anavyomtambua ndama wake. Ufunguo wa chuma kitupu utafungua, utazungusha, gari litawaka, halafu kompyuta inauliza, wewe nani? Isipojibiwa inazima. Kile kitaa ndicho kilikuwa kinasema hivyo. Siyo ugonjwa, ndivyo lilivyofundishwa, lisiibiwe.

"Kwa hiyo limeniona mimi mwizi," nikasema.

"Ndiyo. Orijino iko wapi?"

"Sandukuni."

Mtu wa nyuma yangu kwenye foleni akamgeukia mwenzake akarudia, "Orijino iko sandukuni," na mwenzake akampa wa nyuma yake, nikasikia linatembea mpaka nje mlangoni. Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Nilipofika dukani lilikuwa limenitangulia.

Sanduku, mnakumbuka, lina kufuli, na ufunguo wa kufuli uko Kibondo kwenye pindo la Adela. (Na ule wa asili wa hilo kufuli, mnaouliza? Ulikuwa ndani ya sanduku. Kanuni ni kanuni.) Nikaingia ndani nikalikokota sanduku mpaka barazani penye mwanga, nikachukua nyundo dukani. Watu walikuwa wamejaa, na mbele kabisa alisimama mzee mmoja wa Gwarama ambaye alikuwa amenunua kufuli la namna hiyohiyo kwangu, la shaba, la tembo. Nikaliangalia lile kufuli. Nikamwangalia yule mzee. Nikapiga.

Nilitarajia kutoka jasho. Nilitarajia, na wallahi nilikuwa nataka, lisumbue kidogo. Lilifunguka kwa pigo la kwanza, likaanguka miguuni pake. Yule mzee akaliokota, akaligeuza geuza, akaniambia kwa sauti ya upole, "Nitarudi Jumatatu, baba." Alirudi. Walirudi wengi.

Nikachukua ufunguo wa asili, nikautoa kitambaani, nikaenda kwenye gari pale kona, bado lina migebuka kwenye maungio ya boneti. Likawaka, likaendelea kuwaka. Kwaya ikapiga makofi. Nikaliendesha mpaka barazani kumchukua Mama, ambaye katika lile kundi la watu sikuwa nimemtafuta.

Mama hakuwepo.

Mzee Shabani akasimama, akakung'uta unga wa chuma kwenye kanzu. "Ameondoka muda mrefu. Yule Zakaria wa Munanila, mleta parachichi, alikuwa anarudi na baiskeli tupu, na njia zote za mkato anazijua. Tumemkunjia gunia kwenye keria akakaa. Amesema nikwambie uendelee na kompyuta yako."

Niliendesha kwa namna ambayo Elisha asiisikie. Kila mlima nikidhani nitawakuta, nakuta watu wanasema, "Wamepita, mama mmoja wa kitenge kizuri." Jua likapinduka nikiliona linapinduka. Nikafikiria Mjomba amesimama na jiwe, sementi imeshachanganywa, na sementi haimsubiri mtu. Kwa mara ya kwanza siku ile sikujiwazia aibu yangu. Niliwaza kwamba mama yangu atakufa hajasemezana na ndugu yake, na sababu itakuwa mimi na kipande cha chuma.

Niliwakuta mlima wa mwisho kabla ya Munanila. Zakaria anasukuma baiskeli, Mama anatembea pembeni, vumbi mpaka kwenye nyusi, kile kitenge kimeshika grisi ya mnyororo pindoni. Nikasimama, nikafungua mlango. "Mama, panda. Limepona."

Akaangalia ndani, akaangalia ile plasta. "Nimebakiza mlima mmoja, Nashoni. Nikiingia humo likazima, nitasema nini tena? Baiskeli haijanizimia."

Akapanda juu ya keria palipokuwa tambarare. Basi na mimi nikafuata nyuma. Tuliingia Munanila hivyo, mbele baiskeli ya parachichi na mama yangu ameketi upande, nyuma gari la Kijapani linatambaa mwendo wa mguu, linanuka samaki, mbwa wawili wanalifuata. Watu walitoka majumbani. Sikumlaumu mtu.

Ukoo wote ulikuwa kaburini. Mjomba Yeremia alikuwa ameinama, jiwe tayari limo mikononi mwake. Akainuka. Akamtazama dada yake, vumbi lile, halafu akalitazama gari, na uso ukakaza.

"Gari hili hapa linatembea," akasema. "Kwa nini dada yangu yuko juu ya baiskeli? Mmekuja kunifanyia mchezo?"

Mama alifungua mdomo, akashindwa. Miaka yote ile, na akashindwa. Nikaona nisiposema mimi hakuna atakayesema. Nikasimama katikati ya wajomba na mashangazi nikaeleza yote. Nikatoa funguo zote mbili nikaziweka kiganjani, huu wa Mzee Shabani, huu wa asili. Nikaeleza lori la Ijumaa nililolipungia mkono, plasta ya kidonda, kwaya, kuagana na wauza samaki wakati wa kwenda na wa kurudi, meza ya Mama Teresia, simu, kufuli la tembo. Nilipofika kwenye kufuli mashangazi walikuwa wamekaa chini, hawawezi kusimama. Shemeji mmoja akaniomba nirudie pale pa mzee wa Gwarama.

Mjomba peke yake hakucheka. Alichukua ule ufunguo wa chuma akautazama mbele na nyuma, akanirudishia.

"Mtu hawezi kujitungia aibu ya namna hii," akasema. Halafu akamgeukia Mama, akamwambia kwa Kiha, taratibu, na mimi nawapa kwa Kiswahili, "Kwa hiyo na lile lori liliharibika kweli."

"Ilikatika ekseli, Yeremia," Mama akasema. "Nilikwambia. Nilitembea kutoka pale lilipokatikia."

"Ulitembea?"

"Hukuniuliza."

Mjomba alitazama miguu ya dada yake, ile miguu yenye vumbi. Sementi ilikuwa imeanza kukauka pembeni, watu wameacha kucheka. Akalifuta jiwe kwa shati lake akampa, na walipoinama kuliweka alimshika dada yake mkono asianguke, na hakumwachia walipoinuka.

Tulilala kulekule. Pombe ilinywewa. Asubuhi nikamwambia Mama pole kwa kitenge, grisi ile haitoki. Akasema, "Kilikuwa cha kuvaa," akaingia ndani ya gari, mbele, na Mjomba akaingia nyuma, kuja kwetu kumsalimia Adela akirudi kutoka Kibondo. Njia nzima walizungumza wao wawili, nikigeuza shingo tu wananiambia nitazame barabara.

Elisha alikuja Krismasi, mwaka elfu mbili ukaingia, gari likawaka kama kawaida, mwenyekiti wa kwaya alikuwepo kushuhudia. Mimi niliapa, na sijavunja kiapo, kwamba kitu cha asili nitakitumia nikiwa hai. Adela anakunywa chai kwenye vikombe vya harusi, vimeshavunjika kadhaa. Funguo zangu zote za asili ziko hapa mfukoni, mnazisikia. Zile za Mzee Shabani ndizo ziko sandukuni, na sanduku halina kufuli.